Lozi Chungu Kwenye Kikapu cha Kahawa

Koku mwanangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua unavyosema, kwamba herufi zangu zinatembea kama kuku aliyefungwa miguu. Wewe soma hivyo hivyo. Umekwenda kuagana na wanakwaya wenzako, na mimi nimekaa hapa jikoni na daftari lako la zamani, zile karatasi zilizobaki nyuma, na mstari wa kwanza nimeshaufuta mara tatu. Mimi niliishia darasa la nne, unajua. Lakini jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalia, na nikilia utaniambia, "Basi Mama, yameisha," na mimi nitakubali kwamba yameisha. Sitaki yaishe namna hiyo.

Habari za blanketi na za kutokula vyakula vya njiani sitaandika. (Blanketi liko chini kabisa ya begi. Haya, basi.) Wanasema huko Njombe baridi inaingia mpaka kwenye meno, na kwamba kwenye hicho kitalu mtashinda mkibebesha miche ya matunda, kikonyo cha mti huu juu ya shina la mti ule. Uliponisomea barua ya kazi nilipiga vigelegele mpaka Ma Justa akaja mbio kutoka kwake akidhani umepata mchumba. Akacheka, tukacheka. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Hilo sikukwambia. Nilitapika kwa sababu ya neno hilo la kubebesha, na kwa sababu ya mti ule uliosimama pembeni ya kibanja chetu cha migomba, na kwa sababu ya bibi yako, na uongo niliousema juu yako mwaka jana mbele ya watu. Ndiyo barua yenyewe hiyo. Yanayofuata ni jinsi nilivyofika pale.

Uliwahi kusikia kwamba nikiwa msichana nilifanya kazi za ndani mjini Bukoba, kwa Bi Salma. Habari ya lozi sikukusimulia. Idi ikikaribia Bi Salma alikuwa analoweka lozi kwenye maji ya moto, na kazi yangu ilikuwa kuzimenya. Unaibana kwa vidole viwili, ngozi inavuka, inaruka nje kitu cheupe kama jino la mtoto. Baadaye zinatwangwa, zinatiwa kwenye maziwa. Siku moja akanipa moja mkononi. Akasema, "Tafuna polepole, haimezwi kama dawa hiyo." Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilitafuna mpaka ikawa maji. Yule mama alinitendea wema tu, hana kosa. Kosa ni wazo lililoniingia pale pale na ladha: kwamba watu wenye kitu hiki nyumbani ndio watu, na sisi wengine tunasindikiza. Nikilikumbuka wazo lile sasa nalionea kinyaa, lakini nililitunza miaka yote, nikalilisha.

Kwa hiyo ulipokuwa kidato cha kwanza, siku nilipokwenda kwenye maonyesho ya wakulima pale mjini nikaona miche imeandikwa lozi, sikuwa na akili tena. Nilimwita yule muuzaji kabla hajamaliza na mteja wa mbele.

"Hii inaota kwetu?"

"Mama unatoka wapi?"

"Ijumbi. Kule juu. Asubuhi tunavaa makoti."

"Basi imefika kwao! Hii ni aina ngumu, inastahimili baridi."

Yule kijana, nataka ujue, alinieleza vizuri. Alisema ninunue miwili ya aina mbili, maana mmoja peke yake hauzai. Alisema niipande mahali penye jua, kwenye mteremko, maji yasituame. Alisema baridi yetu haitoshi kuulaza mti usingizi kama huko ilikotoka lozi, kwa hiyo kiangazi kikifika niipukute majani yote kwa mkono, mti udanganyike upumzike, kisha utachanua. Na akanishika kidole akakiweka kwenye shina, pale penye uvimbe. "Hapa ndipo ilipobebeshwa, Mama. Kitakachochipua chini ya hapa ng'oa." Nilisema ndiyo, ndiyo. Sikusikia kitu. Nilikuwa nimeshaanza kuona nyuso za akina mama wa usharika wakiingia kwangu na kukuta lozi.

Unakumbuka kiangazi cha kwanza cha kupukuta majani? Wewe ulishika mti mmoja mimi mmoja, jani moja moja, vidole vikawa vyeusi. Ma Justa alisimama njiani na jembe lake begani.

"Mawe, mama wee! Ma Koku, hiyo miti inanyolewa iende kipaimara?"

Ukamjibu, "Inakwenda Ulaya, Ma Justa, inavua nguo za huku." Alicheka mpaka akakaa chini. Siku ile nilikuwa na raha nawe kuliko siku nyingine yoyote, na sikukwambia. Nilikwambia ulivunja vijiti.

Halafu mvua zetu zikaja, unazijua. Mti wa pili, ule wa upande wa choo, ukaanza kutoa utomvu. Unatoka kwenye gamba kama makamasi, unaning'inia, unakauka, mwingine unatoka juu yake, na sisimizi wamenaswa humo. Majani yakatoboka kama yamepigwa risasi. Nilikuwa nafuta yale makamasi kwa kitambaa kila Jumapili kabla ya ibada, unaweza kuamini? Kitambaa hicho nikakifua na vingine. Ningekuwa nimelea watu kwa uvumilivu ule, leo nisingeandika.

Na ule wa kwanza ukawa dhaifu juu, lakini chini kabisa, karibu na ardhi, likatoka chipukizi. Refu, jekundu, lina afya. Siku ile akina mama walikuwa hapa, tunachambua maharage. Wewe ulikuwa kidato cha tatu. Nikachukua panga nikate shina la juu lililodhoofika, nilibakize lile chipukizi. Nilikuwa nafanya nilichofanya maisha yangu yote, alichofanya mama yangu na mama yake. Mgomba ukichoka unaukata, unamwacha mtoto wake aliyetoka chini, ndiyo kibanja kinaendelea. Nani asiyejua hilo?

Ukasema, "Mama, subiri. Hilo limetoka chini ya pale palipobebeshwa. Si lozi yetu hiyo. Ni ya mzizi. Ukikata juu umekata yenyewe."

"Nani amekufundisha kumuua mtoto ukabakiza mzee?"

"Mama, huu si mgomba."

Ulisema taratibu kabisa. Na mimi, kwa sababu Ma Justa alikuwa anatazama na wengine wameacha kuchambua, nikakugeukia. Nikasema umesoma vitabu viwili sasa unataka kumfundisha shamba mtu aliyekulisha kutoka shamba hilo hilo. Nikasema mengine juu ya marehemu baba yako ambayo sitayaandika. Kisha nikakata. Pigo moja. Wenzangu wakacheka kidogo, kicheko kile cha kumsaidia mtu mzima. Wewe ukarudi kwenye maharage.

Hapo ndipo ningeweza kukoma, Koku. Nakuonyesha mahali kwa kidole, kama yule kijana alivyonionyesha. Kesho yake tu ningekwambia nimekosea, maana usiku sikulala, nililikumbuka neno la yule muuzaji lote, na jinsi alivyonishika kidole. Nilijua. Lakini asubuhi nikaamka nikalitilia mbolea lile chipukizi.

Likakua kwa nguvu, utasema linanicheka. Mwaka jana likachanua. Mti wa makamasi nao ukachanua kidogo, nyuki wakapita huku na huku. Wa makamasi ukaangusha matunda yote yameoza, yana ukungu, yananuka. Lile chipukizi likazaa. Matunda yenye manyoya kama panya, yakakauka, yakapasuka, ndani mbegu. Nilivunja ya kwanza kwa jiwe nikiwa peke yangu, nikatia mdomoni.

Chungu. Si uchungu wa mwarobaini unaopita. Ulikaa kooni, ukapanda puani, na harufu yake, ile harufu tamu ya ajabu, ikanikumbusha jikoni kwa Bi Salma lakini imegeuzwa, kama mtu unayempenda amekujia na sura ya maiti. Nilitema. Nilisukutua maji. Nikazitazama zile nyingine kwenye ungo, nyingi, nzuri, na nimeshawatangazia watu wote mpaka mchungaji kwamba lozi zimeiva.

Nikafikiri, kahawa mbichi nayo ni chungu. Sisi tunaichemsha na majani yetu, tunaianika, inakuwa akamwani, wageni wanatafuna wanafurahi. Basi lozi nazo nitazichemsha. Nikachemsha na majani yale yale, nikaanika siku mbili. Nikaonja tena, ncha tu. Uchungu ulikuwa umepungua kidogo, au nilitaka upungue. Sijui. Hapana, najua. Haukupungua.

Jumamosi ile walikuja wote, akina mama wa usharika. Bibi yako alikaa kwenye mkeka wa mbele na fimbo yake. Nikaleta kile kikapu kidogo, nusu lozi, nusu akamwani. Na unajua desturi yetu, mwenye nyumba anachukua wa kwanza, anatafuna mbele ya wageni, waone kwamba mkono uliowapa hauna neno. Mimi niliingiza vidole mle, nikapapasa. Nikapita kando ya lozi nikachukua kahawa. Nikaitafuna nikitabasamu. Hakuna aliyeona. Mimi niliona. Kila kitu kingine ungeweza kukiita ujinga. Kile si ujinga, vidole vyangu vilijua vinachokwepa.

Wengi waliuma moja wakatema kwenye viganja kwa siri, wakajifuta kwenye khanga. Ma Justa hakuficha, alisema, "Waitu, jamani, hii ni lozi au ni adhabu?" Lakini bibi yako ni mtu wa zamani, kitu cha mwenyeji hatemi. Alimeza. Nikamwongezea. Akachukua tena, kwa heshima yangu, akameza. Sijui zilikuwa ngapi. Kisha akaanza kutokwa jasho, akasema kichwa kinazunguka, akatapika pale pale kwenye mkeka, na macho yake yakawa hayashiki kitu. Watu wakapiga kelele. Ma Justa akauliza kwa sauti kubwa, "Nani ameandaa hivi vitu?"

Nikasema, "Koku."

Neno moja. Ulikuwa umesimama mlangoni na jagi la maji. Ulinitazama. Nilingoja useme hapana, na ungesema ningekukana, ninavyojijua. Hukusema. Uliweka jagi chini, ukapiga magoti, ukaanza kufuta matapishi ya bibi yako kwa mikono. Jioni uliporudi kutoka zahanati, ameshawekewa dripu, nafuu imeanza, ulisema tu, "Bibi ataishi." Ukaenda kulala.

Na mimi nikapokea pole. Hili ndilo linalonitoa matapishi mpaka leo kuliko yote. Walikuja kunipa pole, mimi! "Pole Ma Koku, kulea ni kazi." "Watoto wa siku hizi hawasikii." Nikaitikia, nikashukuru. Kisha nikaona yaliyofuata, maana kwetu kumlisha mtu kitu kikamdhuru si jambo linalosahaulika. Kwenye msiba wa jirani ulipita na sinia la chakula, nikaona mama mmoja anasema ameshiba, na wa pili ameshiba, na wa tatu, wote wenye njaa tangu asubuhi. Ukalirudisha jikoni likiwa limejaa. Tangu siku ile wageni wakija unaniachia mimi kikapu. Hujawahi kusema kwa nini. Bibi yako, aliyekuwa anakuita kila Jumapili umkune mgongo, akaacha kukuita. Mwaka mzima nimekula nawe sahani moja nikiwa nimekupaka kinyesi ambacho ni changu, na ukawa unaniuliza kama nimelala vizuri.

Watu wanadhani unakwenda Njombe kwa ajili ya kazi. Na wewe unasema hivyo. Sawa.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafua, nilichukua panga nikaenda kwenye ule mti. Nilitaka nirudi niseme nimeukata, niandike barua nzuri. Nikasimama pale na panga. Nikaona kuukata ni kuficha. Nikaliacha panga, nikaenda kwa bibi yako, maana leo Alhamisi akina mama wanasali kwake. Walikuwa wote. Nikaomba kusema. Ma Justa akasema, "Haya tumsikilize, anatoa shukrani ya safari ya mtoto."

Nikasema, "Lozi niliandaa mimi. Niliionja ikawa chungu, nikawapa. Koku hakugusa. Mti wenyewe alinikataza nisiulee."

 Bibi yako akaweka fimbo chini.

"Siku ile ulitangulia kutafuna," akasema.

"Nilichukua kahawa, Mama."

"Kwa bahati?"

"Hapana, Mama. Niliichagua kwa vidole."

"Mbele yangu."

"Mbele yako."

"Na mjukuu wangu nimemfungia mlango mwaka mzima."

 Akaniambia niondoe mkono wangu kwenye mkeka wake. Niliuondoa. Ma Justa alikuwa ananitazama kama mtu aliyeuma tunda akaona nusu ya funza. Sikumlaumu, mimi nimejitazama hivyo siku nyingi. Mmoja akaanza kusema tusameheane, sisi ni Wakristo, bibi yako akamkata: "Nyamaza kwanza. Mtoto anaondoka lini?"

"Kesho asubuhi."

"Apite hapa. Aje na akamwani, anipe kwa mkono wake, nitafune namtazama. Na ninyi mlioshiba kwenye msiba, mje mtafune pia." Akanigeukia. "Wewe usije. Na kahawa isitoke kwako. Sitakula tena kilichopita mkononi mwako."

Hivyo ndivyo ilivyo, mwanangu. Sikuandika ili unihurumie kwa hilo. Ni haki yake, na nimeshalala njaa mbaya zaidi ya hiyo.

Sina la kukufundisha juu ya miti, ulinishinda ukiwa kidato cha tatu. Ila moja ninalijua mimi na vitabu vyako labda havilijui. Huko kitaluni mtu akija kununua mche, usimwonyeshe tu pale palipobebeshwa. Muulize kwao wanalima nini. Akisema migomba, kaa naye chini. Mwambie kwamba kwenye mti huu yule anayechipua miguuni si mtoto wake, arudie maneno hayo mpaka uyasikie kwa sauti yake. Atakubali haraka, atasema ndiyo, ndiyo, kama mimi. Usimwamini. Muulize tena.

Na ukikosea huko, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo hata kama watu wanatazama. Mimi nilidhani ninaokoa uso wangu mbele ya wanawake sita wanaochambua maharage. Tazama uso huo uliponifikisha. Siandiki hili kukuhubiria, naandika kwa sababu una macho yangu na kidevu changu, na wakati mwingine nikikuona unabana midomo naogopa.

Sasa ya kesho. Ma Justa ametoa akamwani alizoanika yeye mwenyewe, ziko kwake kwenye kikapu kipya. Atakungoja getini kwake saa kumi na mbili na nusu. Ukitaka, uchukue, uingie kwa bibi yako, wote watakuwepo. Utatangulia wewe kutafuna, halafu utampa yeye, halafu wao. Usipotaka, pita. Nimewaambia kwamba ukipita moja kwa moja hakuna mwenye ruhusa ya kukuita una kiburi, na Ma Justa akasema, "Akipita nitakuwa wa mwisho kumlaumu." Ni wewe wa kuamua, na safari hii sitakusemea.

Mimi nitatangulia na begi lako mpaka njia panda, nimwone dereva wa bodaboda akupeleke Muleba kwenye basi bila kukimbiza. Nitasimama pale. Ukifika una neno la kuniambia, lolote, hata lile la ukali ambalo hukulisema mwaka jana mlangoni, nitalisikiliza mpaka mwisho. Ukifika huna neno, panda tu. Begi nitalifunga mimi nyuma, nitalikaza vizuri, kisha nitasogea kando mpite.

Mama yako,
niliyechukua kahawa.